Sufuri Saba

Ilipowaka ilijitaja: 0000000.
Sufuri saba kwenye kioo cha kijani,
zimepangana kama mayai ya kuku asiyemjua jogoo.
Lali akacheka: "Fundi, imesahau ina lake."

Saa nne ya asubuhi, Langoni.
Punda wa saruji wameziba mlango.
Shebwana amekalia debe, hatoi neno;
redio yake ya mtaa imekwenda upande tangu Ijumaa.
Akitangaza maiti, Mkomani hawasikii,
akitangaza maji kukatika, anaingia kwenye simu za polisi.

Kuipima nataka jicho moja tu la mashine hii,
jicho la masafa. Limo ndani. Liliuzwa, likalipwa,
karatasi ninayo, imekunjwa mara nne katika kitabu chake,
na herufi kumi na sita za ufunguo
kwa mwandiko wa mtu ambaye leo, nadhani, ni marehemu.
Lakini ufunguo umeapishwa kwa namba moja.
Namba ilikaa kwenye chipu,
chipu ikinyonya betri ya ukubwa wa kifungo cha kanzu,
na betri ilikata roho ndani ya boksi, njiani,
wala hakuna aliyeisomea.

Naingiza ufunguo.
HAIKUBALIKI. WASILIANA NA MTENGENEZAJI.
Mtengenezaji alinunuliwa na kampuni,
kampuni ikamezwa na kampuni,
na simu ile inalia katika nyumba isiyo na watu.

Naijua lugha hii.
Nimeisikia kwenye dirisha la ofisi,
nimeshika cheti changu, na cheti cha baba,
na picha ya kaburi la babu kule Ndau,
na kijana nyuma ya kioo, mdogo kwa Lali,
akiniuliza bila kuinua uso:
"Na babu wa babu?"
Miaka sita sasa. Njoo Jumatatu.

Nikaigeuza mashine.
Mgongoni, chini ya kutu na kinyesi cha mjusi, kibati.
Ndimu, chumvi, kitambaa.
Tarakimu zikatoka moja moja, kwa aibu,
ila ya mwisho: moja, au saba?
"Moja," nikasema.
"Saba," akasema Lali, macho yake bado mapya.

Chipu nikaing'oa kwa moto mdogo, miguu ishirini na minane,
nikaisomesha kwenye kompyuta yenye ufa.
Kurasa na kurasa za takataka, kisha pale,
mahali pa jina, patupu, pamefagiliwa.
Nikaandika namba. Ikakataa.
Kumbe mwishoni kuna hesabu inayowahesabu wenzake,
mnoko wa darasa: ukibadili moja, anasema.
Nikamrekebisha naye. Ikakataa.
Nikatumia saba ya Lali.

Shebwana ndipo akafungua kinywa:
"Huu si wizi, fundi?"
Nikamwambia nyumba imelipiwa,
kitasa ndicho kilichorukwa na akili.
Sikumwambia kwamba karibu na lile jicho
nayaona mengine matano, yamelala, hayakulipiwa na mtu,
na kila moja linaamka kwa kubadili tarakimu moja.
Niliyagusa? Muulizeni Lali.
Lali hasemi.

Ikawaka. Ikajitaja kwa namba yake kamili,
bila furaha, bila shukrani,
kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa ni nani.
Jicho likafunguka, na wimbi la Shebwana lile,
limeegemea kulia kama ukuta wa matumbawe uliokosa chokaa.
Kabla ya alasiri lilikuwa limesimama,
na Mkomani wakapata habari ya maiti wa juzi.

Shebwana akatoa kitabu cha risiti, cha wafadhili, kina masanduku mengi.
Jina. Kazi. Kiasi.
"Namba ya kitambulisho, fundi?"
Punda wakapiga kwato nje.
Nikatazama kibati, kinang'aa, kinanuka ndimu.
"Andika," nikamwambia,
nikamsomea ile, polepole, mpaka saba.
Akaandika.